Fomu ya mkataba wa kukodi shamba inayouzwa dukani: inalinda hela, udongo imeusahau

Tunachokipitia hapa ni ile fomu ya kurasa mbili inayouzwa kwenye maduka ya steshenari karibu na ofisi za kata na mahakama za mwanzo nchini Tanzania, yenye kichwa cha herufi kubwa: MKATABA WA KUKODISHA SHAMBA. Hakuna mchapaji mmoja. Kila duka lina ya kwake kwenye kompyuta, ila maneno ni yaleyale kwa kuwa zimenakiliwa moja kutoka kwa nyingine. Tumeipima kwa swali moja: mtu akisaini karatasi hii, atakuwa na sababu ya kuutunza udongo wa shamba alilokodi?

Hatakuwa nayo, na sababu zimo kwenye karatasi yenyewe.

Kwanza haki yake tuipe. Fomu ina nafasi ya majina na namba za vitambulisho, kijiji na kitongoji, idadi ya ekari, kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno, muda, mashahidi wa pande zote mbili na mahali pa muhuri wa mtendaji wa kijiji. Hayo yanatosha kumkamata mwenye shamba aliyekodisha eneo moja kwa watu wawili, na huo ndio ugomvi unaowapeleka wengi ofisini kila msimu unapoanza. Kwa fedha zilizolipwa ni ushahidi mzuri. Bei yake haizidi ya daftari, na kuijaza ni kazi ya dakika chache. Anayekodi ekari moja ya dengu za baada ya mpunga hahitaji zaidi ya hapo.

Shida inaanzia kwenye mstari unaosema "kwa muda wa ________". Karibu kila mara pale panaandikwa "msimu mmoja". Maneno hayo mawili yanaamua kitakachoingia ardhini. Mbolea za viwandani kama urea na DAP hufanya kazi yake msimu huohuo, kwa hiyo aliyekodi atazinunua bila kusitasita. Samadi ya ng'ombe ni habari nyingine. Kwa tani 2 hadi 4 za samadi iliyooza kwa ekari, ambacho ndicho kiwango cha kawaida kinachoshauriwa kwa mahindi, naitrojeni inayopatikana mwaka wa kwanza ni kama theluthi hadi nusu tu. Inayobaki inatoka taratibu katika misimu inayofuata. Chokaa ya kilimo, kilo 400 hadi 800 kwa ekari kwenye udongo wenye tindikali, huhitaji kuwekwa miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda na hufanya kazi miaka mitatu hadi mitano. Fosfeti ya Minjingu, mbolea ya mwamba wa fosfeti, huyeyuka polepole, na mazao ya pili na ya tatu hunufaika nayo kama la kwanza. Matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mfereji hurushwa upande wa juu wa mteremko, yenye mfereji wa kina cha nusu mita au zaidi uliochimbwa kwa mkono, yanahitaji nguvukazi kubwa sana, na msimu wa kwanza yanaweza hata kupunguza mavuno kwa sababu yamemeza sehemu ya shamba na kuinua udongo wa chini usio na rutuba.

Mkulima anayejua hesabu hataweka kitu cha miaka minne kwenye shamba la miezi sita. Kumlaumu kwa uvivu ni kumwonea. Tena yapo makubwa kuliko muda: akiliweka samadi na mahindi yakastawi, shamba lile lile litapanda bei mwaka unaofuata, au mwenye shamba atalichukua alime mwenyewe. Vijijini kila mtu anaujua mfano wa shamba lililonyang'anywa likishanona. Kwa mkataba wa aina hii, anayeboresha ndiye anayeadhibiwa.

Hili limepimwa kwingine pia. Kaskazini-mashariki mwa China, watafiti waliofuatilia viwanja ambavyo kijiji kingeweza kuvigawa upya waligundua kwamba palipokuwa na hatari kubwa ya kunyang'anywa, wakulima walipunguza samadi, huku mbolea ya viwandani ikiendelea kutumika kama kawaida. Rwanda, kwenye maeneo ya majaribio ya usajili wa ardhi, kaya zilizosajiliwa ziliongeza kazi za kuzuia mmomonyoko, na kaya zinazoongozwa na wanawake ziliongeza zaidi. Uingereza iliona haya mapema: sheria ya 1875 ilimpa mkulima mpangaji fidia ya rutuba aliyoiacha ardhini, lakini iliruhusu mkataba kuifuta fidia hiyo, na wenye mashamba wengi wakaifuta. Ikabidi sheria ya 1883 iifanye kuwa lazima.

Turudi kwenye fomu. Kasoro ya pili ni mabua, na hapa inafaa kukaa kidogo kwa sababu ni jambo linaloonekana dogo. Fomu haisemi ni mali ya nani baada ya mavuno. Matokeo yake mwenye shamba huyauza kwa wafugaji Julai, au ng'ombe wanaingia tu kwa desturi, au aliyekodi anayachoma ili trekta lipite kirahisi. Shamba linabaki wazi miezi minne. Jua linaukausha udongo, kwato zinaubana, na mvua ya kwanza ya Novemba inapopiga juu ya udongo usio na kitu, tabaka la juu linaondoka na maji. Ukitaka kuona, simama chini ya mteremko siku hiyo uangalie rangi ya maji kwenye mfereji wa barabara. Kilimo hifadhi chote kinategemea kuacha angalau theluthi moja ya uso wa shamba ikiwa imefunikwa, na fomu haina hata neno moja la kusaidia hilo.

La tatu ni kulima. Shamba la msimu hulimwa kwa trekta la kukodi, dereva analipwa kwa ekari, kwa hiyo anaharakisha: jembe la sahani, kina kilekile cha sentimita 15 hadi 20 kila mwaka, mara nyingi kufuata mteremko ili asigeuze sana. Baada ya misimu kadhaa tabaka gumu linajengeka chini ya kina hicho. Dalili zake ni mizizi ya mahindi au pamba inayopinda kwenda pembeni badala ya kushuka, na maji yanayotuama juu ilhali chini ni pakavu. Dawa ni kulivunja kwa ripa, jembe la meno la kupasua udongo, wakati udongo umekauka, maana ukiwa na unyevu ripa inakata mfereji tu bila kupasua. Ni gharama ya safari moja inayosaidia misimu kadhaa, na kwa sababu hiyohiyo aliyekodi hailipii. Mwenye shamba naye hailipii kwa kuwa halimi yeye.

Kuna aina ya pili ya mkataba inayofichwa ndani ya fomu hii: nusu kwa nusu. Watu huandika kwenye nafasi ya kodi "watagawana mavuno sawa" na kusaini. Kwa mwaka wa ukame mpango huu unamlinda asiye na mtaji, na tunauheshimu kwa hilo. Kwa udongo una hila yake: aliyelima akinunua samadi ya shilingi 200,000 peke yake, ongezeko lote la mavuno linagawanywa nusu kwa nusu, hivyo ataweka samadi pale tu thamani ya ongezeko hilo inapozidi gharama mara mbili. Dawa yake ni sentensi moja: pembejeo zote zigawanywe kwa uwiano uleule wa mavuno. Pale ambapo mwenye shamba analipa nusu ya samadi, samadi inawekwa.

Mbadala wa kwanza wa fomu hii ni barua ya mkono iliyoandikwa ofisi ya kijiji. Kwa udongo haina tofauti kubwa, ila ina faida moja: mtendaji na wajumbe wanalijua shamba, na mipaka inaandikwa kwa majirani, "mashariki anapakana na fulani, kusini kuna korongo". Korongo likiwa limetajwa siku ya kuanza, likipanuka kila mtu ataona. Fomu ya dukani inataja ekari tu, na ekari za kukisia kwa hatua huzua ugomvi wa pembezoni. Pembezoni ndipo watu huacha kupanda majani ya kuzuia mmomonyoko kwa kuogopa kuonekana wanavuka mpaka.

Mbadala wa pili, ulio bora zaidi, ni mkataba wa miaka mitatu hadi mitano juu ya shamba lenye hatimiliki ya kimila, uliopita kwenye halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri nafasi ya kupitisha ukodishaji wa ardhi ya kijiji, na kumbukumbu inabaki kwenye masijala ya kijiji. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye hatimiliki ailime ardhi kwa utaratibu mzuri wa kilimo uliozoeleka eneo lile, kwa hiyo anayekodisha kwa mtu wa kuiharibu hajajivua wajibu huo. Jambo lingine lisilosomwa na wengi: maendelezo yanayotambuliwa na sheria zetu za ardhi ni pamoja na sifa yoyote iliyoshikamana na ardhi kwa kudumu kutokana na mtaji au nguvu za mtu, inayoongeza uwezo wake wa kuzalisha. Mkataba unaotambua rutuba kuwa kitu cha kufidiwa una pa kusimamia.

Huduma ya kupata hatimiliki yenyewe ina kasoro zake. Kijiji lazima kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji na mipaka isiyogombaniwa, majirani wawepo siku ya upimaji, na hati isainiwe na mwenyekiti, mtendaji na mwenye shamba kabla ya kwenda wilayani kusainiwa na afisa ardhi. Jirani mmoja akikosekana, kazi inasimama. Wanandoa waandikwe wote wawili. Hati ya jina moja ndiyo inayoleta kaka au mjane akisema mkataba wa miaka mitano haumhusu. Lakini hati peke yake haitengenezi udongo wa shamba lililokodiwa. Inampa mwenyewe ujasiri wa kukodisha kwa muda mrefu, basi.

Ujasiri huo ndio kiini cha mambo. Wenye mashamba wengi hukodisha msimu mmoja mmoja kwa hofu kwamba aliyekaa muda mrefu atadai ardhi ni yake. Hofu hiyo ina historia: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, iligawa mashamba ya watu kwa wengine, na kesi zake ziliendelea miaka mingi. Pia watu wamesikia kuhusu miaka 12 ya ukomo wa kudai ardhi. Ukweli ni kwamba anayelima kwa ruhusa ya mwenyewe, tena kwa maandishi yanayomtaja mwenyewe kuwa mmiliki, hajengi haki ya umiliki kwa kukaa. Hatari iko kwa anayekodisha kwa mdomo. Mkataba wa maandishi wa miaka mitano unamlinda mwenye shamba kuliko misimu mitano isiyo na karatasi, na hili maafisa ardhi na watendaji wangelisema kila anapokuja mtu kugonga muhuri.

Kama mmeshanunua fomu ya dukani, msiitupe. Ongezeni ukurasa mmoja nyuma yake, usainiwe na kugongwa muhuri kama kurasa nyingine, na kwenye fomu yenyewe iandikwe kwamba kiambatisho ni sehemu ya mkataba. Bila sentensi hiyo karatasi ya ziada hupingwa kirahisi.

Ukurasa huo uanze na hali ya shamba siku ya kuingia. Pitieni pamoja na shahidi, andikeni makorongo yaliyopo, matuta na urefu wake kwa hatua, miti na aina zake, sehemu inayotuama maji. Picha za simu zenye tarehe zinasaidia. Kisha chukueni sampuli ya udongo. Pointi 15 hadi 20 kwa kupita shambani kwa mtindo wa zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20, mkikwepa vichuguu, mahali palipokuwa na zizi, chini ya miti, njia na palipochomwa takataka. Changanyeni kwenye ndoo safi ya plastiki. Mfuko uliokuwa na mbolea unaharibu majibu yote. Toeni nusu kilo, ianikeni kivulini, wekeni lebo na pelekeni maabara, mfano kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Mlingano kule Muheza au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mteremko wa juu na bondeni ziwe sampuli mbili tofauti.

Watu wenye nia njema hukosea hapa: wanaandika kwamba fidia italipwa ikiwa kaboni ya udongo, yaani kipimo cha mboji yake, imepanda. Kaboni husogea polepole mno. Kwa miaka mitatu ya samadi na mabua, tofauti inaweza kuwa ndogo kuliko tofauti ya kawaida kati ya sampuli mbili za siku moja. Fosforasi nayo hubadilika kwa njia ya maabara iliyotumika, na pH, yaani kipimo cha tindikali, ikipimwa kwenye maji haifanani na ikipimwa kwenye kloridi ya potasiamu. Inaweza kupishana hadi uniti nzima. Kipimo kimoja kinachofaa kufungwa kwenye mkataba ni pH palipowekwa chokaa, kwa maabara ileile, njia ileile na mwezi uleule. Kama mwanzo ilikuwa chini ya 5.5, kupanda kwake kunaonekana. Mengine yote fungeni kwenye matendo yanayohesabika: tripu za samadi, mita za matuta, mabua yaliyobaki.

Samadi iandikwe kwa tripu na aina ya gari, siku ya kushushwa, shahidi akiwepo. Maneno yanayofaa ni kama haya: "Samadi iliyohesabiwa mbele ya shahidi, mkataba ukikoma baada ya mavuno mamoja, mwenye shamba atafidia nusu ya gharama, baada ya mavuno mawili, robo, baada ya matatu, hakuna deni." Fidia ya chokaa tunashauri ishuke kwa robo kila mwaka kwa miaka minne. Ya matuta ishuke kwa tano moja kila mwaka kwa miaka mitano, nayo matuta yasijengwe bila mwenye shamba kukubali kwanza kwa maandishi, kwani si haki kumdai mtu gharama asiyoiomba. Mfano: samadi ya shilingi 240,000, shamba likarudishwa baada ya mavuno mamoja, deni ni 120,000.

Mwenye shamba mara nyingi hatakuwa na fedha hizo mkononi, na kipengele kizuri kisicholipika ni karatasi tupu. Andikeni njia ya pili ya kulipa: asipotoa fedha ndani ya siku 30, aliyekodi analima msimu mmoja zaidi bila kodi. Tunaiona hii kuwa sentensi yenye nguvu kuliko zote kwenye kiambatisho, kwa sababu haihitaji baraza kuitekeleza.

Mabua yawe ya aliyekodi hadi siku ya mwisho ya mkataba, na mifugo isiingie bila ruhusa yake. Palipo na desturi ya machungio baada ya mavuno, kukataza kabisa hakutashika. Kubalianeni na wafugaji siku na idadi, au ng'ombe walale shambani usiku kwa malipo ya samadi watakayoacha. Aliyekodi naye afungwe: hachomi, halimi kufuata mteremko, hakodishi kwa mtu wa tatu, na haondoki akiacha mfereji mpya wa mmomonyoko usiozibwa. Miti ni suala nyeti, maana kupanda mti vijijini ni kudai ardhi. Andikeni kwamba miti yote itabaki ya mwenye shamba, naye aliyekodi anaruhusiwa kupanda majani ya tembo au guatemala kwenye kingo za matuta na kuyakata kwa mifugo yake. Mbaazi ipandwe bila maswali, mradi mkataba uvuke mwaka mmoja. Aina za muda mrefu huvunwa baada ya mahindi kuondoka, na majani yake hudondoka shambani.

Mkataba wa miaka mitano nao una udhaifu wake: mwaka wa nne na wa tano aliyekodi anaanza kukamua. Anaacha samadi na mabua anayauza. Fidia tuliyoieleza hapo juu inapunguza tatizo hili. Kinachosaidia zaidi ni kukutana mwishoni mwa mwaka wa tatu kuamua kama mkataba utaongezwa, na kumpa aliyekodi nafasi ya kwanza kwa kodi inayopatikana kwa mashamba ya jirani. Iandikwe pia kwamba shamba likiuzwa au mwenyewe akifariki, mkataba unaendelea hadi mavuno yanayofuata na fidia inabaki deni juu ya shamba. Ugomvi uanzie baraza la ardhi la kijiji, ambako kazi yao ni kusuluhisha na mashahidi wa tripu za samadi wako jirani.

Mstari wa mwisho wa kurekebisha ni wa tarehe. Fomu huachwa iandikwe siku ya malipo, na malipo hufanyika Oktoba au Novemba mvua zikinukia, wakati mabua yameshaliwa, udongo umeshabanwa na muda wa kusambaza chokaa umepita. Kwenye maeneo ya msimu mmoja wa mvua, sainini Julai, mara baada ya mavuno, na muda wa kodi uanze siku hiyohiyo hata kama nusu ya fedha italipwa baadaye. Aliyekodi anapata miezi minne ya kuyalinda mabua, kuvunja tabaka gumu udongo ukiwa mkavu, kuweka chokaa na kusomba samadi wakati barabara za shambani bado zinapitika.